Boma la zahanati liko lenta, ahadi ya kupaua imekwama wapi?

Mwananzengo: Wakuu, habari za leo. Kijiji kimechanga, boma la zahanati limefika lenta. Mgombea aliahidi kulimalizia, akashinda, na sasa kila mkutano jibu ni "lipo kwenye mchakato". Ni mchakato upi huo, na sisi tunaufuatilia wapi? Mvua zinatafuna tofali.

Kasma: Mkuu, mbunge hana fungu la kujenga zahanati. Alicho nacho ni Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye. Huo utawapa bati au saruji, basi. Fedha za kumalizia jengo hutoka halmashauri au Serikali Kuu, na huko ahadi ya jukwaani haisomeki mpaka iingie kwenye mpango.

Anzeni na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halmashauri wanauchambua, baraza la madiwani linapitisha, kisha unaingizwa PlanRep, mfumo wa kielektroniki wa mipango na bajeti za halmashauri. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo sukumeni kuanzia Novemba. Muhtasari ukifika Aprili, Bunge liko kwenye bajeti tayari. Subirini mwaka mwingine. Halafu acheni mtindo wa kuorodhesha vipaumbele kumi! Ukomo wa bajeti ukishuka, panga linaanzia chini, na zahanati iliyo namba sita haitaonekana tena.

Fundi Mchundo: Kasma yuko sahihi, ila kuingia kwenye bajeti bado si kupata hela. Hazina hutoa kwa awamu, kwa kadiri ya makusanyo. Ikitua akaunti ya kijiji mwezi Mei, ndipo watu wanakumbuka kuunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, mhandisi anatafutwa aandae BOQ (mchanganuo wa vifaa, kazi na gharama), manunuzi yapite NeST (mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni), na 30 Juni hiyo hapo. Salio linaweza kurudi Hazina. Kamati ziundwe sasa.

Kiwango ambacho Serikali imekuwa ikitoa kumalizia boma la zahanati ni Sh milioni 50. Mwombeni mhandisi wa halmashauri alikague kabla. Boma lisilofuata ramani ya Serikali, au lenye lenta iliyopunjwa nondo, linakula hela hiyo kwenye marekebisho kabla hata bati halijanunuliwa.

Mwananzengo: Asanteni. Kwa hiyo kwenye mkutano tuulize nini hasa?

Kasma: Msiulize "lini". Ulizeni: imo bajeti ya mwaka upi, chanzo kipi cha fedha, kiasi gani, na hadi leo kimepokelewa kiasi gani. Diwani anakaa kwenye baraza lililopitisha bajeti hiyo, makabrasha anayo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari, si kwenye daftari la mtu.

Bi Afya: Mmesahau watumishi. Kupaua ni bajeti ya maendeleo. Mganga na muuguzi wanatoka kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na kibali cha ajira, foleni nyingine kabisa. Usajili wa kituo na dawa za MSD (Bohari ya Dawa) navyo vina njia zake. Mwambieni mganga mkuu wa wilaya aombe watumishi mwaka uleule wa kupaua. Akingoja jengo likamilike, litakaa na kufuli hadi bajeti inayofuata, na kama hakuna nyumba ya mtumishi, hata akipangiwa ataomba uhamisho.