Miche ya Mchare × Calcutta 4: nitajuaje ipi ni diploidi na ipi ni triploidi?

Kihamba_AA:
Wakuu, habari za kazi. Nina miche ya migomba iliyotokana na mbegu za Mchare (ndizi ya kupika) uliochavushwa kwa Calcutta 4 (mgomba pori). Wazazi wote ni AA, yaani diploidi wenye seti mbili za kromosomu za aina A, kwa hiyo nilitegemea kila mche uwe na kromosomu 22. Lakini baadhi ina majani mapana, mazito, na inawapita wenzake kwa kukua. Nashuku ni triploidi, yaani ina seti tatu, kromosomu 33. Nimepima urefu wa stomata (vitundu vya kupumulia vya jani) kwa kupaka rangi ya kucha upande wa chini wa jani, namba zinapishana bila mpaka unaoeleweka. Maabara kuna hadubini yenye lenzi ya mafuta, saitometa (mashine ya kupima wingi wa DNA) hakuna. Nianzie wapi? Na diploidi wawili wanazaaje triploidi?

NchaYaMzizi:
Stomata weka kando, mkuu. Ni kweli seli zake hurefuka kadiri seti za kromosomu zinavyoongezeka, ila urefu huo hutegemea pia nasaba ya mche, umri wa jani na kivuli. Kwa miche ya mbegu, ambapo kila mmoja ana mchanganyiko wake, namba lazima zipishane. Kwa hadubini uliyo nayo, hesabu kromosomu zenyewe.

Chukua mizizi asubuhi kwenye mche unaokua kwa nguvu ndani ya kiriba. Unataka ncha nene, nyeupe kama maziwa. Ya kahawia achana nayo. Kata sentimita 1 hadi 1.5, loweka kwenye 8-haidroksikwinolini ya asilimia 0.04 gizani kwa saa 3 hadi 4. Dawa hii huvunja nyuzi zinazovuta kromosomu, kwa hiyo seli husimama katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa fupi na zimeachana. Hamishia kwenye ethanoli na asidi asetiki isiyo na maji, 3 kwa 1, iliyochanganywa siku hiyohiyo, saa 24 kwenye friji. Kama huhesabu mara moja, hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Siku ya kuhesabu, suuza, weka kwenye asidi haidrokloriki 1 N ya nyuzi 60 kwa dakika 10 hivi, suuza tena. Ondoa kofia ya mzizi na ubakize milimita 1 au 2 zilizo nyuma yake; huko ndiko seli zinakogawanyika, na ukikata ndefu zaidi slaidi inajaa seli zilizokomaa zisizokusaidia kitu. Tone la aseto-orseini ya asilimia 2, kioo cha kufunikia, gonga taratibu kwa ncha ya penseli, kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kufyonza. Kioo kikiteleza, slaidi imeharibika.

Kromosomu za mgomba ni ndogo, mikromita 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo utahitaji lenzi ya 100. Ukipata 19 au 20, mara nyingi seli imepasuka na baadhi zimepotea. Ukipata 32, huenda mbili zimelaliana mahali fulani. Hesabu angalau seli 10 zilizotawanyika vizuri kwa kila mche, na usichukue wastani: tafuta namba ya juu inayojirudia. Uzuri wa mgomba ni kwamba 22 na 33 ziko mbali. Tabu ni pale unapotaka kutofautisha 33 na 34.

Wembe_Mpya:
Miche ikiwa mingi, kuhesabu kutakuchosha. Tafuta taasisi yenye saitometa uwapelekee majani. Kata kipande cha jani changa, kifunge kwenye karatasi yenye unyevu, tia kwenye mfuko, weka kwenye kisanduku cha baridi. Kisigande wala kisiguse barafu, maana viini vikipasuka huna sampuli tena.

Jani hukatwakatwa kwa wembe mpya ndani ya bafa (maji ya dawa yanayohifadhi viini), pamoja na kipande cha mgomba unaojulikana, huchujwa kwa kitambaa cha nailoni cha mikromita 30 hadi 50, kisha hutiwa DAPI, rangi inayoshika DNA. Kwenye grafu ya mashine, kilele cha Mchare kikiwekwa kwenye 200, triploidi itatokea karibu na 300 na tetraploidi (seti nne) karibu na 400. Adui mkubwa ni utomvu: hugeuka kahawia, hushika viini, na vilele vinapanuka. Waombe waongeze PVP, kemikali inayopunguza ukahawia huo, ya asilimia 1 kwenye bafa. Kilele ambacho CV yake (kipimo cha upana wake) inazidi asilimia 5 nisingekiamini.

Kihamba_AA:
Ahsanteni sana. Mgomba wa kulinganishia unaweza kuwa mkono wa tembo? Huo ndio ulio karibu.

Wembe_Mpya:
Hapana, tumia Mchare mama yake. Mkono wa tembo ni AAB, yaani una seti mbili za A na moja ya B, na jenomu (seti nzima) ya B ni ndogo kuliko A kwa takriban asilimia 12. Ukiipa kila A thamani ya 100, AAA inasoma 300, AAB karibu 288, ABB karibu 276. Ukidhani AAB ni 300, kila kipimo chako kitasogea juu. Saitometa inapima wingi wa DNA tu. Kama B imo au haimo, uliza kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA) ya eneo la DNA liitwalo ITS, ikikatwa kwa kimeng'enya RsaI: A hutoa kipande cha jozi za besi 530 hivi, B hutoa viwili, 350 na 180.

Chavua:
Kuhusu swali lako la pili: wakati mwingine yai au chavua hutengenezwa bila kromosomu kupunguzwa nusu. Mchare ikitoa yai lenye 22, na Calcutta 4 ikaleta 11, unapata 33. Ndugu wa Mchare, kundi la Mlali la ukanda wa Bahari ya Hindi, walitoa gameti (seli za uzazi) za namna hiyo zilizochangia kuzaliwa kwa Cavendish. Kwa hiyo triploidi yako, ikiwa yai ndilo halikupunguzwa, ina theluthi mbili za kromosomu kutoka kwa Mchare. Hiyo ipe kipaumbele shambani, maana ladha na upishi vina nafasi nzuri ya kubaki, na huenda ikawa haina mbegu.

Diploidi usizing'oe. Hizo ndizo wazazi wa mzunguko ujao, ila pima chavua kwanza kwa asetokamini: chembe hai hujaa na kushika wekundu, zilizokufa hubaki tupu na zimejikunja. Ukikuta mche wa kromosomu 22 kamili wenye chavua tupu nyingi, usishangae. Migomba ya AA hutofautiana kwa vipande vya kromosomu vilivyohama kutoka moja kwenda nyingine, na vikikutana kwenye mche mmoja, kromosomu hushindwa kujipanga sawasawa wakati wa kutengeneza gameti. Hesabu ya ncha ya mzizi haitakuonyesha hilo.