Naomba ushauri: nawapeleka wageni kijijini kwa mama, roho haijatulia

KijanaWaNgambo: Asalaam alaikum. Mimi ni mtembeza wageni hapa mjini Unguja, leseni ya Kamisheni ya Utalii ninayo, nimezoea mashamba ya viungo Kizimbani na kima punju wa Jozani. Sasa nimepata Wajerumani kumi wanaotaka kuona maisha ya shamba, nikawapangia kijijini kwa mama, pwani ya Kusini. Chakula saa saba nyumbani kwa watu, kisha saa kumi jioni tuingie kwenye mashamba ya mwani baharini, na magharibi waone mwezi ukichomoza maana utakuwa mpevu, wa siku ya kumi na tano. Usingizi siupati. Malipo ya kijiji nimpe sheha, kiongozi wa shehia, au kila mwenyeji mkononi? Nisaidieni.

MzeeWaForodhani: Waalaikum salam. Anza kwa sheha, hata kama kijiji ni cha mama yako. Miye niliwahi kupeleka watu Makunduchi, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Wanaume wako kiwanjani wanapigana kwa magomba, mgeni wangu kaingia katikati na kamera yake! Tulimtoa mbiombio. Usiku nilikula kwa wenyeji ubwabwa ambao mpaka leo sijaupata mfano wake.

UmmuSalma: Kwanza mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, uwaambie wakiwa bado hotelini, si wakishashuka garini. Na picha za watoto bila ruhusa ya wazazi haifai kabisa. Nyinyi watembeza wageni mnalinyamazia hili kwa ajili ya bakshishi.

BiMwani: Mwanangu, malipo ya sheha hayamkoseshi mtu usingizi. Hicho chakula kinaliwa nyumbani kwa nani?

KijanaWaNgambo: Kwa mama mdogo.

BiMwani: Na ana nini mama mdogo?

KijanaWaNgambo: Mumewe amefariki mwezi uliopita, anakaa eda. Lakini mwenyewe karidhia! Kasema atabaki chumbani, binti zake watapika. Nyumba yake ndiyo yenye ukumbi mkubwa na choo cha maana. Amana nimeshapokea, nusu nimempa yeye, kanunua mchele na kalipa deni la dukani. Nikivunja sasa, hizo pesa azitoe wapi?

UmmuSalma: Subhanallah. Miezi minne na siku kumi, mwenzio hata mwezi wa pili hajaumaliza, unamjazia wanaume wageni ukumbini?

Juma_Mkoani: Sisi Pemba tungekupeleka kwa wazee wakusomee dua kwanza 😂

NahodhaMstaafu: Mimi naona tunachezewa hapa. Mwezi kumi na tano ni bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana. Saa kumi jioni maji yamejaa, mwani uko chini, hao Wajerumani wataingia kwa kuogelea? Mtu mwenye mama pwani ya Kusini hawezi kuandika hivyo. Mjane, deni, choo... hadithi imetungwa hii.

MzeeWaForodhani: Hata mimi nilishangaa, ila nilikaa kimya.

KijanaWaNgambo: Wallahi sijatunga. Nimezaliwa na kukulia Ng'ambo, hapa mjini, kijijini nakwenda sikukuu na mazishini. Saa zimepangwa na wenye kundi, wanautaka ule mwezi.

BiMwani: Mimi namwamini, watoto wa mjini ndivyo walivyo. Sikiliza. Siku hiyo muwe pwani saa tatu asubuhi. Saa nne maji makavu, saa sita yanarudi. Lakini ujue na sisi bamvua ndiyo siku zetu za kazi: kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kuvuna. Siku zenyewe ni chache, kisha maji yanakuwa mafu, hayakauki vya kutosha. Nikisimama kupigwa picha, kamba zangu zimelala. Kilimo hiki kilianza 1989, tulikuwa na mwani wa kotonii wenye bei. Maji yakapata joto, inakufa, tumebaki na aina nyingine, spinosamu, ya bei ndogo. Kwa hiyo mlipe kila mwanamke mkononi kwa muda wake, na wageni wapite pembeni ya kamba, wasizikanyage. Chakula kipikwe kwa mama mdogo, kiliwe barazani kwa jirani.

NahodhaMstaafu: Bi, hapo kwenye maji umesema sawasawa. Bado simwamini kijana.

KijanaWaNgambo: Saa nitawabadilishia. Kuhusu baraza, nimempigia mama mdogo sasa hivi. Hataki! Kasema wageni ni wake, wakila kwa jirani na pesa zitakwenda kwa jirani. Anayekataa ni binti yake mkubwa. Anasema hawezi kupikia watu wanaocheka ukumbini na baba yake hana hata arubaini.

BiMwani: Alikwambia lini?

KijanaWaNgambo: Tangu siku ya kwanza.

BiMwani: Basi kesho panda daladala uende ukakae naye jikoni, umsikilize. Sheha utampitia ukirudi.