Tela la kubebea matrekta ya zamani: ekseli mbili, la kuinama, au kukodi Fuso?

Mkulima_Kibaigwa
Wakuu, habari za kazi. Kuna matrekta mawili ya kuhamisha kutoka Mafinga hadi Kibaigwa: Massey Ferguson 135 na Ford 5000, yote ya miaka ya 70. Yanawaka, ila breki za Ford si za kuaminika. Gari la kuvuta ni Land Cruiser 79 pikapu. Machaguo ni matatu: kuchomelesha tela la ekseli mbili lenye rampu, kununua la kuinama (ambalo kitanda chake hulala chini trekta lipande) lililotumika, au kukodi lori la Fuso. Baada ya hapo tela litabaki kuhamisha Massey kati ya mashamba. Nishaurini.

Mzee_wa_Perkins
Mkuu, anza na uzito wa trekta, tela litafuata. MF 135 tupu ina kilo kama 1,500 hadi 1,600. Ford 5000 ni 2,500 au zaidi. Sasa kagua matairi ya nyuma kama yana maji. Tairi la 11-28 la Massey likijazwa robo tatu linabeba lita kama 150, kwa hiyo mawili ni kilo 300 ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. La Ford la 16.9-30 linakaribia lita 300 kila moja, yaani kilo 600. Kujua ni rahisi: zungusha tairi mpaka valvu iwe chini, ubonyeze sindano. Yakitoka maji, umepata jibu.

Hesabu ya Ford basi: 2,500 + 600 + tela lenyewe 850 = 3,950. Land Cruiser 79 inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, tena kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki mwisho ni 750, na hapo hata tela tupu limekwisha kuzidi. Ukiyamwaga maji unabaki na 3,350, ambayo ni ukingoni kabisa, na breki za trekta lenyewe si za kuaminika. Ford ipande Fuso. Mjadala wa tela uwe wa Massey tu.

Fundi_Chaneli
Naunga mkono. Kwenye kuchomelesha, mambo matatu ndiyo yanayoharibu matela ya mtaani.

La kwanza ni matairi. Watu hufunga matairi ya gari dogo kwa kuwa ringi zinaingia. Tairi la 185/65R15 lenye namba 88 ubavuni linabeba kilo 560. Manne ni 2,240. Massey yenye maji (1,900) pamoja na tela (800) ni 2,700. Yatapasuka. Tafuta yenye herufi C: 185R14C namba 102 ni kilo 850 kila moja, 195/70R14C namba 104 ni kilo 900.

La pili ni springi. Ekseli mbili bila mkono wa mizani katikati ya springi ya mbele na ya nyuma ni kujidanganya. Kila ukipanda tuta, ekseli moja inaning'inia na nyingine inabeba mzigo wote. Kwa barabara zetu zenye matuta kila kijiji, springi au yu-bolti hukatika mapema.

La tatu ni breki. Ekseli iliyokatwa kwenye Hiace na kutolewa ngoma zake haifai hapa. Unataka breki kwenye magurudumu yote manne, na kichwa cha kuvutia kile kinachosukumwa ndani tela linapolisukuma gari, kisha kinavuta nyaya za breki. Usisahau waya wa dharura wa kukaza breki tela likichomoka.

Sakafu: mbao ngumu ya milimita 50 ni bora kuliko bati tupu. Trekta la zamani lisilovuja oili halijazaliwa, na bati lenye oili ni sabuni.

Binti_Jembe
Fundi, ongeza upana. Nafasi kati ya madigadi ya tela isipungue mita 1.85. MF 135 hupanuliwa miguu ya nyuma kwa hatua za inchi 4, kuanzia inchi 48 hadi 76 katikati ya tairi na tairi. Ikiwa kwenye 56, upana wa nje ni kama mita 1.73, inaingia vizuri. Ikiwa imepanuliwa kwenye 64 kwa kazi ya matuta ya mahindi, ni mita 1.93, haiingii. Pima kwa futi kabla ya kumlipa mchomeleaji, kaka.

Na urefu wa rampu: sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 70, rampu ya mita 1.5 ni nyuzi 28, mwinuko wa kutisha. Ya mita 2.4 ni nyuzi 17. Trekta likipanda mbele kwa mwinuko mkali, ukiachia klachi ghafla pua inanyanyuka na linaweza kumlalia dereva. Kama rampu ni fupi, panda kinyumenyume na ushuke kwa mbele. Weka na miguu ya kuegemea chini ya mkia wa tela, la sivyo magurudumu ya nyuma ya trekta yakikanyaga ukingo, mkia unabonyea na kuinyanyua Land Cruiser.

Kitonga_Gia2
Mimi nalitetea la kuinama. Pembe ya kupandia ni nyuzi 10 hivi, hakuna rampu za kubeba mikononi, na trekta bovu linavutwa kwa winchi bila presha. Sharti liwe na jeki ya hidroliki ya kupunguza kasi. Bila hiyo, uzito ukipita kiungo tu, kitanda kinaanguka kwa kishindo na dereva juu yake. Kwenye lililotumika, kwanza angalia jeki hiyo kama inavuja, kisha pini ya kiungo kama imelika, kisha kufuli la mbele.

Mzee_wa_Perkins
La kuinama ni zuri ila ni zito zaidi, na katika fungu la 3,500 kila kilo ya chuma inapungua kwenye mzigo. Kwa Massey peke yake lakini, sina pingamizi.

Kuna jambo la MF 135 halijasemwa: kama ina Multi-Power, yaani swichi ya hidroliki inayoipa kila gia upande wa haraka na wa taratibu. Ikiwa kwenye upande wa taratibu wa Multi-Power, injini haizuii trekta mteremkoni. Linaserereka kama halina gia. Kwa hiyo kwenye rampu, kupanda hata kushuka, weka upande wa haraka na gia namba moja ya chini, injini ikinguruma. Na usidhani ukizima na kuliacha kwenye gia limefungwa. Injini ikizimika presha ya oili inaisha, linarudi upande wa taratibu na linaweza kubingirika. Unganisha pedali mbili za breki kwa kifungo chake, kaza breki ya mkono, weka vigingi, halafu minyororo.

Mkulima_Kibaigwa
Multi-Power ipo, mzee. Asante. Sasa lisimame wapi juu ya tela, na lifungweje?

Binti_Jembe
Katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma la 135 ni mita 1.83. Tuchukue asilimia 65 ya uzito iko nyuma, basi kitovu cha uzito kiko kama sentimita 64 mbele ya ekseli ya nyuma. Unakitaka kiwe sentimita 20 mbele ya katikati ya ekseli za tela. Likipakiwa linatazama mbele, ekseli yake ya nyuma itakaa sentimita 45 hivi nyuma ya hapo katikati. Likipakiwa kinyume, itakaa sentimita 85 mbele yake. Piga alama ya rangi sakafuni.

Kutoka kichwa cha kuvutia hadi ekseli ikiwa mita 4, kila sentimita 10 unayosogeza trekta la kilo 1,600 inabadilisha uzito wa puani, yaani unaokandamiza kichwa cha kuvutia, kwa kilo 40. Lenga kilo 130 hadi 180. Pua ikiwa nyepesi, tela linaanza kuyumba kasi ikipanda. Na liwe sambamba na barabara: Land Cruiser iko juu, kwa hiyo shusha kichwa cha kuvutia, maana pua ikiinuka mzigo wote unakaa kwenye ekseli ya nyuma.

Fundi_Chaneli
Kufunga: minyororo minne, kila kona na wake. Milimita 8 daraja la 80, yenye alama kwenye pingili. Ya dukani isiyo na alama ni ya kufungia mbwa. Mbele funga kwenye chuma kizito kinachoshika ekseli ya mbele, nyuma kwenye mabomba ya ekseli. Usiguse tairodi, mikono ya hidroliki wala toplinki. Mnyororo uvute chini na nje kwa wakati mmoja, pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Ukifunga juu ya kiti au usukani, matairi yatadunda na kila kitu kitalegea. Simama baada ya kilomita 20 ukaze tena, kwa sababu matairi hukaa. Boneti ifunge kamba, hasa likipakiwa kinyume.

Kitonga_Gia2
Njia je? Kupitia Mtera hadi Dodoma ni fupi kuliko kuzunguka Morogoro na inaukwepa mlima wa Kitonga, ila mteremko wa Nyang'oro unakusubiri. Breki za kusukumwa zinakazwa muda wote gari likizuia mbele, kwa hiyo zinachemka. Ingia gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, kanyaga breki kwa nguvu kidogo kisha achia, usizikalie. Ukifika chini simama uguse kila ringi karibu na beringi. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, waya wake umekazwa mno au beringi imekauka grisi.

Mkulima_Kibaigwa
Sawa wakuu. Ford inapanda Fuso, ila Mafinga hakuna jukwaa la kupakilia karibu na shamba.

Fundi_Chaneli
Sakafu ya Fuso ni kama mita 1.1 hadi 1.2 kutoka chini. Tafuta ukingo wa barabara uliokatwa wenye kimo hicho, au chimba shimo magurudumu ya nyuma ya Fuso yaingie. Laza mbao mbili za milimita 75 kuziba mwanya, na Ford ishuke kwa winchi inayoizuia kwa nyuma, si kwa breki zake.