Mama ana kisukari na sasa ana upungufu wa homoni ya thairoidi: mbona sukari imepanda baada ya kuanza dawa?

Binti wa Pangani aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, ambaye amepindukia miaka sitini, ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa muda mrefu, na anatumia metifomini pamoja na insulini ya usiku. Mwaka huu alianza kuchoka kupita kiasi, kusikia baridi hata wakati wa kaskazi, kukosa choo na kuamka uso umevimba. Nyumbani yote hayo tuliyahesabu kuwa ni sukari, mpaka daktari alipoagiza kipimo cha TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi) ikaonekana kwamba tezi hiyo ya shingoni haitoi homoni ya kutosha. Alianzishiwa levothairoksini, dawa inayojazia homoni hiyo, ya mikrogramu 25, na sasa anameza 50.

Uchovu umepungua kweli. Jambo linalotutatiza ni kwamba zamani sukari yake ilikuwa ikishuka alfajiri, akaamka ametota jasho na mikono ikimtetemeka, ilhali siku hizi mashine inasoma 10 na hata 11 (mmol/L) kabla hajala kitu. Mama anaamini kwamba dawa mpya ndiyo inayompandisha sukari, na anataka kuiacha. Majirani nao wamemkataza muhogo na kabichi, wakisema vinadhuru tezi. Naomba mwenye ujuzi atueleweshe.

Mfamasia wa Wilaya alijibu:

Dada, mpe mama pole, na tafadhali mzuie asiiache dawa kabla hajaonana na daktari wake. Alichokiona ni cha kweli, ila maana yake siyo kwamba dawa inamdhuru. Homoni ya thairoidi inapopungua, mwili mzima hufanya kazi polepole: ini huchelewa kuachia sukari kwenye damu, chakula hufyonzwa taratibu, na insulini iliyochomwa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Ndiyo maana kipimo kilekile cha insulini kilikuwa kikimshusha alfajiri. Sasa homoni inarejea, ini limeamka, insulini inaondoka mwilini kwa kasi yake ya kawaida, na kipimo kilichokuwa kingi mno huenda kimekuwa kidogo. Hilo linajulikana kutokea kwa anayeanza levothairoksini akiwa na kisukari, na linarekebishwa kwa daktari kupanga upya dawa za sukari. Msiongeze insulini kwa kukisia, kwa sababu kipimo cha levothairoksini nacho bado kinaweza kubadilika. Dawa hii hutulia mwilini taratibu, hivyo TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 tangu kiasi cha dawa kibadilishwe, na kwa mtu wa umri wa mama ni busara kwamba walianza chini, kwa kuwa moyo haupendi kuharakishwa.

Kuna jambo jingine ambalo naona linasahaulika mno. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Thairoidi ikiwa chini, chembe hizo hutengenezwa polepole na zilizopo huzeeka zikiwa kwenye mzunguko, kwa hiyo jibu linaweza kutoka juu kuliko hali halisi. Tiba ikianza, jibu hilo linaweza kushuka hata kama sukari yenyewe haijabadilika. Kwa miezi hii ya mwanzo, daftari la vipimo vya mashine ya nyumbani, lenye saa na tarehe, litamsaidia daktari zaidi. Nendeni nalo.

Mama wa Pacha, Mombasa, alijibu:

Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza na thairoidi yangu ilizorota baadaye, kwa sababu kinga ya mwili iliyoshambulia kongosho iliigeukia na tezi. Mdogo wangu, angalia sana mama anavyoimeza ile dawa. Imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, wala isishushwe kwa chai ya maziwa au kahawa. Kama amepewa vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu, viachane nayo kwa saa 4, maana huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Mimi kidonge changu hukaa kando ya kitanda pamoja na bilauri ya maji, nikameza kabla sijaamsha watoto.

Lingine ni kutetemeka na jasho. Dawa ya thairoidi ikizidi huleta dalili zinazofanana sana na za sukari kushuka, pamoja na moyo kwenda mbio. Kama anajiweza, apime kwanza kabla ya kunywa soda. Ikiwa iko chini ya 3.9, hapo anywe.

Muhogo uliopikwa vizuri na kabichi ya kawaida havina neno kwa anayemeza dawa yake. Ila muhogo ni wanga, kwa hiyo kiasi ni kwa ajili ya sukari, siyo tezi.

Binti wa Pangani:

Ahsanteni sana, nimemsomea mama yote na amekubali kuendelea na dawa mpaka tumwone daktari. Ana swali moja: je, Ramadhani atafunga vipi? Pia analalamika ganzi miguuni.

Mfamasia wa Wilaya:

Kidonge cha thairoidi hakimzuii kufunga. Anaweza kukimeza usiku, yakiwa yamepita masaa 3 tangu mlo wa mwisho, au akaamka mapema na kukimeza nusu saa kabla ya daku. Kinachohitaji uamuzi wa daktari ni insulini, na kwa kuwa sukari yake bado haijatulia, wazungumze wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kuhusu ganzi, aitaje kliniki. Inaweza kuwa ni kisukari kimegusa mishipa ya fahamu, inaweza kuwa ni thairoidi, na metifomini ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, ambayo hupimwa kwa damu na kutibika.