Kuuza programu za wengine: kiolezo, mkataba wa mwenye programu, au wakili?

Chipukizi
Habari wakuu. Naanzisha biashara ndogo ya kuuza programu ya uhasibu iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Wateja watatu nimeshawapata, ila sijasaini chochote. Njia ninazoziona ni tatu: nisaini mkataba walionitumia wenye programu kama ulivyo (kurasa 22), nichukue kiolezo mtandaoni nikijaze, au nimlipe wakili aniandikie mpya. Mtaji wangu ni mdogo. Waliopitia huku naomba mnielekeze.

Nanga
Mkuu, kabla ya kuchagua karatasi, jua kwanza wewe ni nani katika biashara hiyo. Wakala anamleta mteja tu. Mteja anaingia mkataba na mwenye programu, wakala anapewa kamisheni. Muuzaji ananunua leseni na kuziuza, ankara inatoka kwake, na mambo yakiharibika mteja anamshika yeye. Ukiuza kwa nembo yako mwenyewe ndiyo kabisa, mteja hamjui mtengenezaji. Kiolezo kilichoandikwa kwa ajili ya wakala hakimfai muuzaji, na vingi mtandaoni vinachanganya hao wawili. Mimi ningeanza na uwakala. Faida yake ndogo, lakini unalala.

Tausi
Naunga mkono, na uwakala usidharauliwe. Ulaya, Agizo namba 86/653 la mwaka 1986 linampa wakala wa biashara haki ya kudai fidia mkataba unapositishwa. Agizo hilo linamhusu wakala wa bidhaa tu, kwa hiyo ubishi ulikuwa kama programu ya kupakuliwa ni bidhaa. Tarehe 16 Septemba 2021, katika kesi ya The Software Incubator dhidi ya Computer Associates, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba programu iliyotolewa kielektroniki kwa malipo, pamoja na leseni ya kudumu, inahesabika kuwa bidhaa iliyouzwa. Angalia hayo maneno "leseni ya kudumu". Programu ya kulipiwa mwezi kwa mwezi ni habari nyingine. Kwa hiyo soma mkataba wako unafuata sheria ya nchi gani, kwa kawaida kifungu hicho kiko mwishoni kabisa.

Fundi_Leseni
Mimi nilianza na kiolezo, na ninaandika haya ili yasikukute. Mkataba wangu na mteja ulisema programu ikizimika itarudi hewani ndani ya saa 4. Sentensi hiyo niliikuta kwenye kiolezo nikaiacha. Mkataba wangu na wenye programu ulisema watajibu malalamiko ndani ya siku 2 za kazi. Kujibu, si kutengeneza.

Seva zao zikalala siku ya mwisho wa mwezi, mteja yuko katikati ya kulipa mishahara. Alinipigia kila nusu saa na mimi sina hata namba ya fundi wao. Nilimrudishia ada ya miezi 3 kutoka mfukoni mwangu, na mteja akaondoka hata hivyo. Wenye programu hawakunilipa kitu, na kwa mujibu wa mkataba niliosaini hawakuwa na deni kwangu.

Siku hizi naiweka mikataba yote miwili mezani, kifungu kwa kifungu: saa za huduma, kurudisha fedha, notisi, bei. Ninachomwahidi mteja hakizidi nilichoahidiwa. Kama wao wanaweza kupandisha bei kwa notisi ya siku 30, siwezi kumfungia mteja bei ya mwaka mzima.

Nanga
Hilo ni kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa. Ongeza na dhima, yaani wajibu wa kulipa hasara ya mwingine: mikataba mingi ya programu inaweka ukomo wa fidia kuwa ada zilizolipwa katika miezi 12 iliyotangulia. Wao wakijiwekea ukomo na wewe usijiwekee kwa mteja, pengo lote ni lako.

Wakili_Z
Ndugu Chipukizi, mimi ni wakili na nakushauri usimlipe mtu akuandikie mkataba mpya. Kampuni yenye wauzaji wengi haitausaini. Mlipe asome hizo kurasa 22 na kuomba marekebisho machache: mkataba wenu ukiisha, wateja wako waendelee kuhudumiwa mpaka leseni zao ziishe, mtu wa tatu akidai programu imekiuka hakimiliki yake, mwenye programu abebe kesi hiyo, na asiwafuate wateja wako kwa mlango wa nyuma. Kama mwenye programu yuko nchi nyingine, omba migogoro iamuliwe kwa usuluhishi (arbitration) badala ya mahakama, kwa sababu mkataba wa kimataifa uitwao Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unawezesha uamuzi wa msuluhishi kutekelezwa katika nchi zaidi ya 160, wakati hukumu ya mahakama mara nyingi inakwama mpakani.

Kiolezo kitumie kwa upande wa mteja, baada ya kufanya alichosema Fundi_Leseni.

Chipukizi
Asanteni sana. Nimerudi kwenye zile kurasa. Kifungu cha 14: wanaweza kusitisha kwa notisi ya siku 30, na kuhusu wateja wangu hakuna hata neno moja. Wale watatu nitawapeleka kama wakala kwanza. Uuzaji nitausaini kifungu hicho kikishabadilishwa, na barua ya kuomba hivyo naiandika leo.