Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika: ni taka ama ni fueli? Naomba ushauri (Mombasa)

BintiKisauni:
Assalam aleikum ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla sijatia pesa.

Nakusanya mafuta yaliyotumika kutoka hoteli za Nyali na Bamburi, na kwa kina mama wa bhajia na viazi karai huku mtaani. Nayachuja, natia kwenye mitungi ya lita 20, nauzia watu wa sabuni. Sasa kuna dalali wa kampuni ya Uholanzi anayataka kwa tani, na bei yake yaipita mbali ile ya sabuni. Ila anadai cheti cha ISCC (mfumo wa kimataifa wa kuthibitisha asili na uendelevu wa malighafi) na fomu yenye sahihi ya kila hoteli. Kakangu naye aniambia niachane na hayo, nitengeneze dizeli niuzie wenye tuktuk.

Kisheria mzigo huu ni taka ama ni fueli? Leseni niombe NEMA (mamlaka ya mazingira) au EPRA (mamlaka ya nishati na petroli)? Halafu kuna jamaa ataka tununue mawese mapya, tuyachemshe mpaka yawe meusi, tuchanganye ili tani zipatikane haraka. Roho yangu haitaki, lakini nataka kujua sheria yasemaje.

WakiliMtaani:
Dada, anza na NEMA. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 87, inakataza kusafirisha taka bila leseni, na kwa mkaguzi mafuta yaliyoondolewa jikoni ni taka hata kama umeyalipia. Kanuni za 2006 zinataka kila mzigo uende na hati inayoonyesha umetoka wapi na unakwenda wapi. Usibebe bila hiyo karatasi.

EPRA inaingia pale unapotengeneza nishati na kuiuza. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mtu kuzalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe hadi megawati 1 bila leseni. Hiyo ni nafuu ya umeme tu. Haikupi ruhusa ya kumuuzia mwenye tuktuk hata lita moja ya biodizeli, yaani dizeli ya kutengenezwa kwa mafuta kama hayo yako.

Nahodha_Rotterdam:
Wa aleikum salaam. Mimi nafanya kazi kwenye matangi bandarini huku, mzigo kama wako napokea kila wiki, kwa hivyo hilo la mawese nalijibu kwanza: mkatalie huyo jamaa leo hii.

Sheria ya nishati jadidifu ya Umoja wa Ulaya ya 2018, iliyorekebishwa 2023, inasema biofueli ni mafuta ya kimiminika ya kuendeshea vyombo vya usafiri yaliyotokana na biomasi, yaani mimea, wanyama na mabaki yao. Mafuta hayohayo yakichomwa kwa joto au umeme, yanahesabiwa katika kundi jingine. Kisha kuna Kiambatisho cha IX, sehemu B, ambamo mafuta ya kukaangia yaliyotumika yametajwa waziwazi. Nchi inaweza kuhesabu nishati ya mafuta hayo mara mbili kwenye malengo yake, ingawa kundi hilo limewekewa kikomo cha asilimia 1.7 ya nishati ya usafiri. Ndiyo sababu dalali anakupa bei ile. Analipia asili ya mafuta.

Sasa soma maana ya taka kwenye sheria hiyo. Ni kitu ambacho mwenyewe anakitupa, anakusudia kukitupa au analazimika kukitupa, lakini kitu kilichobadilishwa au kuchafuliwa makusudi ili kiitwe taka hakimo kabisa katika maana hiyo. Mawese ya kuchemsha ni hayo hayo. Na mkaguzi wa cheti hahitaji maabara: anachukua fomu zako, anaangalia ukubwa wa jikoni na idadi ya kaango, kisha analinganisha na tani ulizoandika. Hesabu isipokubali, cheti kinasimamishwa au kufutwa.

Cheti unaomba wewe kama kituo cha kukusanyia. Hoteli inatia sahihi tamko tu. Inawezekana, usiogope. Mafuta ya mbegu kutoka Makueni yalisafirishwa hadi Gela, Italia, mwaka 2022 chini ya mfumo huohuo wa vyeti.

FundiMtambo_Tanga:
Dada yangu, hilo la dizeli ya nyumbani lichunguze vizuri. Mafuta yaliyochujwa tu ni mazito, yanaziba nozeli na kuacha masizi. Ili yawe biodizeli unahitaji methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu) na soda kali (caustic soda), na mwisho unabaki na gliserini pamoja na maji machafu ambayo NEMA watakuuliza unayamwaga wapi. Methanoli inapofusha na inaua, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Usiifanyie kazi uani penye watoto.

BintiKisauni:
Mungu awalipe. Jamaa wa mawese nimeshamwambia hapana. Lililobaki ni kina mama wa bhajia. Wengi hawana duka wala muhuri, na ndio walioanza na mimi, sitaki kuwaacha. Nifanyeje?

Nahodha_Rotterdam:
Usichanganye mapipa. Ya hoteli zenye tamko yakae peke yake, kila pipa na tarehe, jina la hoteli na kilo. Ya kina mama endelea kuwauzia watu wa sabuni, na siku ukimwita mkaguzi muulize mapema atakubali tamko la namna gani kutoka kwa mchuuzi wa kibandani.

WakiliMtaani:
Na kwenye mkataba na kila hoteli iandikwe kwamba inakukabidhi mafuta yaliyokwisha kukaangia chakula jikoni mwake, hayakuongezwa kitu. Meneja atie sahihi kila unapochukua, asisubiri mwisho wa mwezi.