LCS ilifunga lango 2018: timu za chini zirudishiwe haki ya kupanda daraja?

Mtoa mada

Wakuu, tujadili hili kwa hesabu. LCS, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini ya League of Legends (gemu ya kompyuta ya watano dhidi ya watano), ilianza 2013 ikiwa na timu 8. Za mkiani zililazimika kutetea nafasi zao dhidi ya timu za daraja la chini: gemu tano, anayetangulia kushinda tatu ndiye anayeingia. Kwa lango hilo ikapanda Cloud9. Majira ya joto ya 2013 ikacheza gemu 28, ikapoteza 3 tu, kisha ikaichapa timu ya TSM 3-0 fainali. Yaani timu iliyotoka nje ya ligi ikawa bingwa msimu wake wa kwanza.

Mwaka 2018 Riot Games, ambao ndio wenye gemu na wenye ligi, wakafunga lango. Nafasi ikawa ya kununua: dola milioni 10 kwa timu iliyokuwemo, milioni 13 kwa mgeni. Ukishalipa, hushuki daraja hata ukishika mkia mwaka mzima. Mashindano ya dunia ya 2022, timu tatu za LCS zilicheza gemu 18 za makundi, zikashinda 3. Msimamo wangu: nafasi mbili zirudi kugombewa uwanjani kila mwaka.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, Cloud9 umeitaja kwa haki, lakini 2013 ligi ilikuwa changa na kikosi kizuri kilikusanyika bila gharama kubwa. Tazama mwisho wa 2015: Immortals waliingia kwa kununua nafasi ya Team 8, NRG wakanunua ya Coast. Lango lilikuwa wazi kwenye karatasi, kumbe wenye fedha walishaacha kupanda ngazi, wananunua tu.

Halafu fikiria upande wa mdhamini. Unasaini mkataba wa mwaka, na katikati ya mwaka timu inaweza kutoka ligi kuu kwa usiku mmoja mbaya. Ndiyo maana mikataba ilikuwa mifupi, na hakuna aliyelipa kocha wa vijana. Kufungwa kwa ligi kulileta mambo matatu yanayoshikika: mshahara wa chini wa dola 75,000 kwa mwaka, asilimia 35 ya mapato ya ligi kwa wachezaji, na kila timu kulazimika kuwa na kikosi cha akademi, yaani cha kulea vijana. Ukiirudisha hatari ya kushuka, jiandae kuyapoteza yote matatu.

Mchangiaji wa tatu

La tatu limeshapotea bila hata timu moja kushuka daraja, na hapa ndipo ninapoumia. Mei 2023 Riot waliondoa sharti la kila timu kuwa na kikosi NACL, yaani daraja la pili. Timu saba kati ya kumi zikavunja vikosi vyao. Saba mara watano ni wachezaji 35 waliokosa timu, bado hujahesabu makocha. Chama cha wachezaji, LCSPA, kikapiga kura ya kugoma, na miongoni mwa madai yake lilikuwemo hilihili la mtoa mada: kupanda na kushuka kati ya NACL na LCS. Riot walilikataa. Msimu uliokuwa uanze Juni 1 ukaanza Juni 14, na zikatolewa dola 300,000 kupitia chama ziende kwa timu za NACL.

Sasa piga hesabu ya viti. Kanuni inataka angalau wachezaji watatu kati ya watano wawe wakazi wa eneo la ligi. Golden Guardians na Evil Geniuses walipoondoka mwishoni mwa 2023 zikabaki timu 8: viti 24 vya wenyeji. Kama hakuna anayelea vijana chini, viti hivyo vinazungushwa kwa watu walewale, na meneja anayetaka mtu wa msituni (moja ya nafasi tano za timu) mwenye miaka 18 hana pa kumwona akicheza jukwaani kabla ya kumsajili.

Mchangiaji wa nne

Ongezeni Korea Kusini kwenye mizani. Timu ya DAMWON ilipanda kutoka daraja la pili, wakaingia LCK, ligi kuu ya kule, 2019, wakawa mabingwa wa dunia 2020. Hapo mtoa mada atashangilia. Lakini LCK nayo ilifungwa 2021, na mataji ya dunia hayakukoma kwa timu zake: DRX 2022, T1 2023, 2024 na 2025. Kwa nini? Kwa sababu walipofunga juu, walilazimisha timu zote kumi ziwe na kikosi cha pili kwenye Challengers, ligi ya daraja la chini. Kati ya watano wa T1 waliotwaa taji la 2023, watatu, Zeus, Oner na Gumayusi, walilelewa kwenye akademi ya klabu hiyo. Kwa hiyo kufunga lango si kosa lenyewe. Kosa ni kufunga lango kisha kuing'oa ngazi.

Mchangiaji wa pili

Nakubali, ila Korea usiihamishe nzima. Kule seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu mtandaoni, iko Seoul, na timu ziko jirani nayo. Marekani seva ilihamishiwa Chicago Agosti 2015 huku timu ziko Los Angeles, data inachukua kama milisekunde 60 kwenda na kurudi. Kwa ucheleweshaji huo ndoano ya Thresh, mmoja wa wahusika wa gemu, inakunasa wakati kwenye skrini yako umeshakwepa. Kijana anayejinoa hivyo kila siku hujifunza kusimama mbali kupita kiasi, na akikutana na Wakorea anabanwa kuanzia dakika ya tatu.

Mtoa mada

Nimeelewa, narekebisha hoja. Kwanza sharti la akademi lirudi, tena liandikwe kwenye mkataba wa nafasi, ili lisifutwe kwa barua moja. Pili, nafasi ya kugombewa iwe moja badala ya mbili. Hili si jipya: LTA ya 2025, iliyoziunganisha ligi za Amerika, ilikuwa na kiti cha timu mgeni, na upande wa Kaskazini walikikalia Disguised waliotoka NACL. Mchujo uwe mmoja kwa mwaka, gemu tano, baada ya msimu na kabla ya soko la usajili la Novemba. Ukichelewa hapo, timu inayopanda inakuta wachezaji wazuri wameshasainiwa.

Kinachonikwaza bado ni mgawo. Timu mgeni isipopata fungu la mapato ya ligi, itapanda na kushindwa kulipa mishahara ya ligi kuu. Ikipewa fungu sawa, waliolipa milioni 10 watauliza walilipia nini. Mimi naona nusu fungu mwaka wa kwanza, fungu zima ikibaki mwaka wa pili. Mwenye hesabu nyingine aiweke hapa.

Mchangiaji wa tatu

Nusu haitoshi kama sharti la akademi linamhusu pia. Mgeni aachiliwe akademi mwaka wa kwanza, la sivyo unamtaka alipe vikosi viwili kwa nusu ya fedha.